Pedali ya Gitaa Isimeze Neno: Tusawazishe Sauti Kabla ya Kulaumu Mitambo



Katika parokia zetu nyingi gitaa la umeme si mgeni tena. Limekaa kando ya kinanda na ngoma, linapigwa Dominika, linapigwa katika misa za vijana, za ndoa na za jubilei. Pamoja na gitaa vimekuja vile visanduku vidogo vya chuma vinavyowekwa sakafuni na kubonyezwa kwa mguu, yaani pedali. Moja huikwaruza sauti, nyingine huichezesha kama mawimbi, nyingine huirudia kama mwangwi wa bondeni. Zikitumika vizuri huupamba wimbo. Zikitumika bila kupimwa hutokea jambo ambalo karibu kila muumini amelisikia, hata kama hakujua chanzo chake: mpiga solo anakanyaga pedali na mara moja gitaa linaruka juu ya sauti zote. Sauti ya kwanza na ya pili zinaonekana zikifungua midomo tu. Anakanyaga tena, gitaa linatoweka, na wimbo unabaki kama nyumba iliyong'olewa nguzo.

Baada ya Misa huanza lawama. Mwalimu wa kwaya anamlaumu fundi mitambo, fundi mitambo anamlaumu mpiga gitaa, mpiga gitaa anasema amplifaya ni mbovu, na wazee wa parokia wanauliza kwa nini gitaa liliingizwa kanisani. Kikao kinachofuata hujadili mchango wa kununua spika kubwa zaidi.

Sisi tunaona kwamba mara nyingi wote hao wanalaumu kitu ambacho hakina kosa. Kasoro hii hutokana na viwango vya sauti visivyosawazishwa kati ya pedali ikiwa imewashwa na pedali ikiwa imezimwa. Inatibika kwa nusu saa ya subira, mara nyingi bila gharama yoyote, na inapaswa kutibiwa pale inapozaliwa, yaani kwenye pedali yenyewe. Tunaandika haya kwa ajili ya mafrateri wanaojifunza muziki, walimu wa kwaya, na waamini wanaotoa fedha zao kununua vyombo.

Kwa nini jambo hili litushughulishe

Mtu anaweza kusema kwamba haya ni mambo ya mafundi na hayana nafasi katika gazeti la seminari. Hatukubali. Konstitusio ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Liturujia, Sacrosanctum Concilium ya tarehe 4 Desemba 1963, katika namba 120 inaheshimu kinanda cha mabomba na kukipa nafasi ya pekee, kisha inaruhusu vyombo vingine kwa idhini ya mamlaka husika, mradi vifae kwa matumizi matakatifu, vilingane na hadhi ya hekalu na viwajenge waamini kweli. Miaka michache baadaye, hati Musicam Sacram ya tarehe 5 Machi 1967, katika namba 64, inaeleza kazi ya vyombo vinavyosindikiza uimbaji. Vyombo vinasaidia sauti za watu, vinarahisisha ushiriki, vinaliunganisha kusanyiko. Lakini hati hiyo inaweka mpaka: visizidi sauti za waimbaji hadi maneno yasisikike, na vinyamaze pale padre au mhudumu mwingine anapotamka sehemu yake kwa sauti.

Hati hizi hazisemi lolote kuhusu pedali. Hata hivyo kipimo zilichoweka kinaifikia pedali moja kwa moja: je, maneno yanasikika? Gitaa linaporuka ghafla katikati ya kiitikio cha Wimbo wa Katikati, mama aliyeketi nyuma karibu na mlango, ambaye masikio yake yamechoka kwa miaka, anaipoteza zaburi ya siku hiyo. Kwake tatizo la pedali ni tatizo la kiliturujia, hata kama hajawahi kuiona pedali yenyewe.

Nini hasa hutokea ndani ya kisanduku

Kila pedali ina njia mbili. Ikizimwa, sauti ya gitaa hupita pembeni, ikaendelea hadi kwenye amplifaya au mikisa kama ilivyokuja. Ikiwashwa, sauti hupitishwa ndani ya sakiti, hubadilishwa, kisha hutolewa. Kama sakiti inatoa sauti kubwa kuliko iliyoingia, gitaa litaruka. Kama inatoa ndogo, gitaa litazama. Lengo letu ni kwamba kinachotoka kilingane na kilichoingia, na tofauti pekee iwe ya rangi ya sauti.

Pedali za mkwaruzo ndizo zenye historia ndefu zaidi ya ugomvi huu. Maestro FZ-1 iliyotoka Marekani mwaka 1962 ni kati ya pedali za kwanza za mkwaruzo kuuzwa madukani, na tangu siku hiyo ilikuwa na nobu ya ukubwa wa sauti. Waliozibuni walijua kwamba kuikwaruza sauti na kuikuza ni mambo mawili yanayokwenda pamoja, na kwamba mpigaji lazima apewe namna ya kuyatenganisha. Boss DS-1 ya mwaka 1978 ina nobu tatu: moja ya kiasi cha mkwaruzo, moja ya rangi ya sauti, na moja imeandikwa Level. Ibanez Tube Screamer, ambayo vijana wengi wanaipenda, nayo ina nobu tatu za aina hiyo hiyo.

Hiyo nobu ya Level ndiyo dawa, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Tumewaona vijana wakizungusha nobu ya mkwaruzo kwa uangalifu mkubwa kama mtu anayekoroga chumvi kwenye mchuzi, kisha wakaiacha Level pale ilipokuwa pedali ilipotolewa kwenye boksi. Matokeo yake, kila wanapoongeza mkwaruzo wanaongeza pia kelele, bila kujua kwamba kuna mlango wa kuipunguza.

Pedali za mawimbi ni shida ya namna nyingine. MXR Phase 90 ya mwaka 1974 ina nobu moja tu, ya kasi. Boss CE-2, ile pedali ya korasi iliyotoka mwaka 1979, ina nobu mbili, ya kasi na ya kina. Hakuna ya ukubwa wa sauti. Kama pedali ya namna hiyo inainyanyua sauti kidogo au kuipunguza, mpigaji hana cha kuzungusha. Hili linatuhusu sana Afrika Mashariki, kwa sababu upigaji wa solo katika kwaya zetu nyingi umelelewa na rumba ya Kongo. Ni gitaa safi, lenye noti nyepesi zinazofuatana haraka, likipambwa kwa korasi na mwangwi kuliko kwa mkwaruzo. Kwetu sisi, pedali ya korasi inaweza kuleta ugomvi kanisani sawa na ile ya mkwaruzo.

Kundi la tatu ni mashine za kidijitali zenye athari nyingi ndani ya kisanduku kimoja. Humo kila programu iliyohifadhiwa ina kiwango chake. Programu nyingi zinazokuja na mashine kutoka kiwandani zimetengenezwa ili zimvutie mnunuzi dukani, moja baada ya nyingine, na hazikupangwa zilingane ndani ya wimbo mmoja. Anayehama kutoka programu ya 3 kwenda ya 4 katikati ya wimbo wa matoleo, bila kuwa amezisawazisha, anacheza bahati nasibu mbele ya waamini.

Sikio nalo lina tabia zake

Ili tuelewane tunahitaji kipimo. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Nyongeza ya desibeli 3 ina maana kwamba nguvu imekuwa maradufu, lakini sikio haliisikii kuwa maradufu. Ili mtu aseme "sauti imekuwa kubwa mara mbili", inatakiwa nyongeza ya karibu desibeli 10, na hiyo ni nguvu mara kumi. Kwa hiyo pedali inayoonekana "imezidi kidogo tu" huenda inaidai amplifaya kazi kubwa kuliko mpigaji anavyodhani. Hapo ndipo spika ndogo za parokia huanza kulia, na watu husema zimekufa.

Jambo la pili ni kwamba sikio halisikii mawimbi yote kwa usawa. Watafiti Fletcher na Munson walionesha hivyo mwaka 1933 huko Marekani. Sikio la binadamu lina ukali wa pekee kwenye eneo la takriban hezi 2,000 hadi 5,000, na sauti nzito za chini zinahitaji nguvu zaidi ili zionekane kuwa sawa na hizo. Tena tofauti hii hubadilika kadiri sauti inavyokuzwa. Ndiyo maana pedali iliyosawazishwa chumbani kwa sauti ndogo haibaki sawa kanisani kwa sauti kubwa.

Sasa tazama pedali ya mkwaruzo inafanya nini. Inaongeza mawimbi ya juu ambayo gitaa safi halikuwa nayo, na mengi huangukia kwenye eneo lile ambalo sikio ni kali. Tena inazibana noti kali na dhaifu zikawa karibu sawa, hivyo sauti haipumziki. Hata mita ya mikisa ikionesha kiwango kile kile, sikio litasema gitaa limeongezeka.

Ubaya ni kwamba eneo hilo la juu ndilo linalobeba sehemu kubwa ya konsonanti za maneno. Irabu zina nguvu na hukaa chini zaidi. Konsonanti kama s, f, sh na t ni dhaifu na hukaa juu. Chukua maneno manne ya Kiswahili: sifa, fika, shika, pita. Ondoa konsonanti na yote manne yanabaki "i-a". Gitaa lililozidi haliufuti wimbo wote. Linazifuta konsonanti na kuwaachia waamini irabu tupu. Wanasikia kwamba kwaya inaimba, lakini hawajui inaimba nini. Kwa lugha yetu, ambayo karibu kila silabi inaishia kwa irabu, hasara hiyo ni kubwa.

Namna ya kusawazisha

Kazi hii ifanyike kanisani, vyombo vikiwa mahali pake pa kawaida, kabla ya mazoezi ya Jumamosi. Mpiga gitaa asiwe peke yake. Awepo fundi mitambo, na awepo mtu wa tatu atakayeketi katika benchi la katikati kama muumini.

Kwanza, zima pedali zote. Weka volyumu ya gitaa pale inapokaa siku ya Misa. Pandisha amplifaya au mikisa hadi gitaa safi likae chini kidogo ya sauti za waimbaji. Hiki ndicho kiwango cha msingi, na baada ya hapo mikisa isiguswe tena hadi mwisho wa kazi.

Pili, chagua kipande kimoja kifupi cha wimbo mnaoufahamu, kama noti nane au kumi, na ukipige kwa nguvu ile ile kila mara. Washa pedali moja. Kipige kipande kwanza bila pedali, kisha nayo, kisha bila. Zungusha Level hadi yule aliye benchini aseme kwamba rangi imebadilika lakini ukubwa haukubadilika. Kama gitaa lenyewe lina sauti kali, usishangae Level ikiishia chini sana. Nobu haina aibu ya kukaa chini.

Tatu, kila ukigusa nobu ya mkwaruzo au ya rangi ya sauti, rudi kwenye Level. Nobu hizi zinavutana kama kamba za hema. Ukikaza moja, nyingine inalegea.

Nne, thibitisha kwa kipimo. Taa za mikisa zinatosha. Ukiwa na simu yenye programu ya kupima desibeli, iweke benchini pasipo kuisogeza. Simu haitakupa kipimo cha maabara, ila inatosha kulinganisha sauti ya kabla na ya baada mahali pale pale. Mita na sikio vikitofautiana, lifuate sikio kwa sababu tulizokwisha kueleza.

Tano, jaribu pedali mbili mbili. Hapa wengi hujikwaa. Pedali ya kukuza sauti ikiwekwa kabla ya pedali ya mkwaruzo, huongeza mkwaruzo na kuongeza ukubwa kidogo tu, kwa sababu sakiti inayofuata imekwisha kujaa. Ikiwekwa baada yake, huongeza ukubwa wenyewe. Vivyo hivyo, amplifaya ambayo tayari inakwaruza haikui tena ukiipelekea sauti kubwa, inakwaruza zaidi. Anayelalamika kwamba "solo haitoki hata nikikanyaga" aangalie mpangilio wa pedali zake kabla hajaomba amplifaya mpya.

Sita, tia alama. Chora mstari mdogo kwa rangi ya kucha au bandika kipande cha karatasi kwenye kila nobu. Kwenye mashine ya kidijitali, hifadhi kila programu baada ya kuisawazisha, maana ukizima bila kuhifadhi kazi yote inapotea. Mpigaji mwingine akichukua zamu atakuta njia imekwisha kusafishwa.

Kumbuka pia kwamba kanisa lililojaa watu halilii kama kanisa tupu. Miili na nguo humeza sauti, hasa ile ya juu. Jumamosi utasikia ukali utakaopungua Dominika. Usawa wa pedali hautabadilika sana kwa sababu hiyo, ila kiwango cha jumla kitahitaji kuguswa, na hiyo ni kazi halali ya fundi mitambo.

Pedali isiyo na nobu

Kwa pedali za aina ya Phase 90 au korasi ya zamani zipo njia chache. Kama pedali inazamisha sauti, weka baada yake pedali safi ya kukuza, nanyi mziwashe pamoja. Kama inarusha sauti, fundi redio yeyote mwenye mkono mzuri anaweza kutengeneza kisanduku cha kupunguza: soketi mbili, kasha la chuma, na volyumu moja ya kiloomu 100. Waya wa sauti unaoingia huunganishwa kwenye mguu wa pembeni, waya wa ardhi kwenye mguu wa pembeni wa pili, na sauti hutolewa kwenye mguu wa katikati.

Lakini hapa kuna mtego. Kisanduku hicho kikiwekwa tu mbele ya pedali, kitapunguza sauti pedali ikiwa imewashwa na hata ikiwa imezimwa, na mruko utabaki pale pale. Ili kifanye kazi, pedali na kisanduku vyote viwili viwekwe ndani ya swichi ya mguu inayoviingiza na kuvitoa kwenye njia ya sauti kwa pamoja. Pedali yenyewe inabaki imewashwa muda wote. Kinachokanyagwa ni ile swichi. Kuna pia mafundi wanaobadilisha rezista ndani ya pedali. Hiyo ni kazi ya anayejua kusoma sakiti, na hatumshauri frateri aianze usiku wa kuamkia Pasaka.

Kabla ya yote hayo, kagueni mambo madogo. Betri ya volti 9 iliyochoka huzamisha sauti. Adapta moja inayolisha pedali nyingi huenda haitoshi: pedali nyingi za kawaida za mkwaruzo hutumia chini ya miliampea 10, lakini moja ya kidijitali yaweza kuhitaji 100 au zaidi. Mashine yenye soketi mbili za kutolea sauti, ukichomeka ile isiyoandikwa Mono, inaweza kukupa nusu tu ya sauti. Nobu yenye vumbi hukwaruza na kurukaruka. Na gitaa lililochomekwa moja kwa moja kwenye mikisa, bila ile DI boksi ya kulipatanisha na mikisa, husikika jembamba na dhaifu, kisha pedali ikiwashwa linaonekana kama limefufuka. Hapo tofauti mnayoisikia imeanzia kwenye waya, wala hamtaiponya kwa kuzungusha Level peke yake.

Tunavyowajibu wenye mashaka

Wako wanaosema hii ni kazi ya fundi mitambo. Tunamheshimu sana fundi mitambo, lakini hana macho kwenye unyayo wa mpiga gitaa. Gitaa zima linamfikia kwa njia moja tu. Likiruka, mkono wake huchelewa. Akilishusha, mpigaji anazima pedali, na sasa gitaa limezama. Wawili hao watafukuzana hadi wimbo uishe. Kumpa kifaa cha kubana sauti zilizozidi kutapunguza mruko, ila kitabana pia uhai wa gitaa safi. Kosa linalozaliwa kwenye pedali halitibiwi vizuri mita ishirini kutoka hapo.

Wako wanaosema solo lazima itoke. Ni kweli, kipande cha gitaa kati ya ubeti na ubeti kina haki ya kusikika. Kisawazisheni kwanza, kisha mkipe nyongeza ya makusudi ya desibeli 2 au 3. Inatosha kwa sikio kugeuka, haitoshi kuwafunika waimbaji wanaporudi. Nyongeza hiyo nayo ina majira yake. Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kirumi, namba 313, yanataka wakati wa Kwaresima vyombo vitumike kusindikiza uimbaji tu, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Katika siku hizo arobaini pedali ya solo na ipumzike.

Wako pia wazee wetu wanaosema gitaa la umeme litolewe kanisani, yaishe. Tunaielewa huzuni yao, maana wao ndio wanaopoteza maneno. Lakini vijana wengi wameingia katika utume wa kwaya kwa mlango huo wa gitaa, na kuwafungia kwa kosa ambalo nobu moja ingelirekebisha ni hukumu nzito mno. Wazee wanadai wasikie Neno, nao wana haki. Vijana wanaomba watumikie kwa chombo wanachokiweza, nao wana haki. Usawazishaji unazipa haki zote mbili nafasi.

Kuna na suala la fedha. Tunaijua kwaya moja iliyochangisha kwa miezi kadhaa ili inunue amplifaya kubwa. Iliponunuliwa, mruko ulibaki vile vile, safari hii kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu pedali iliyouzaa haikuguswa. Fedha hizo zilitoka katika Jumuiya Ndogo Ndogo, kwa watu wanaouza nyanya na mchicha. Kabla ya kuomba mchango mwingine wa vyombo, ni haki ya waamini kuuliza kama vilivyopo vimewahi kupimwa.

Tunachoomba

Kwa walimu wa kwaya: tengeni nusu saa ya kupima sauti kila mnapoingiza pedali mpya, gitaa jipya au mpigaji mpya, wala msiione kuwa muda uliopotea. Mwambieni mpiga gitaa amsikilize aliye benchini kuliko anavyojisikiliza mwenyewe, kwani yeye amesimama karibu na spika yake na hasikii kile kinachofika nyuma.

Kwa Baba Paroko na halmashauri: msiidhinishe ununuzi wa vyombo kabla ya ukaguzi wa vilivyopo. Mpeni fundi mitambo na wapigaji nafasi ya kufanya kazi pamoja katikati ya wiki, kanisa likiwa wazi na umeme ukiwepo.

Kwa mafrateri wenzetu: tunasoma liturujia, tunasoma historia ya muziki mtakatifu, tunajifunza kuimba utangulizi wa Ekaristi. Tutakapopangiwa parokia, wengi wetu tutakuta gitaa, mikisa na visanduku vile sakafuni, pamoja na ugomvi uliokwisha kukomaa. Si lazima tuwe mafundi. Yatosha kujua maswali matatu ya kuuliza: pedali ikizimwa, gitaa linakaa wapi? Ikiwashwa, nani anabadilisha Level? Na aliye benchi la nyuma amesikia maneno gani? Padre anayeuliza hayo kwa upole, bila kumdhalilisha kijana mbele ya wenzake, ataokoa fedha, ataokoa kwaya, na atamrudishia yule mama wa karibu na mlango zaburi yake.